Diski Nzima

Mwenyekiti wetu alikuwa hodari wa kufungua vikao. Akisimama mbele ya watu saba waliojikunyata ndani ya masweta, katika chumba cha nyuma ya duka la pembejeo pale Katandala, Sumbawanga, alizungumza kana kwamba watu wamejaa hadi barabarani. Alipenda neno "wadau". Sisi tulikuwa wadau, zile kompyuta kuukuu zilikuwa nyenzo, na Jumamosi zetu zilikuwa mchango kwa taifa. Kompyuta yenyewe alijua kuiwasha. Kuizima, alichomoa waya ukutani.

Nilimdharau tangu siku ya kwanza, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo sasa. Lakini si yeye peke yake. Nilikuwa katika kipindi cha maisha ambacho niliwadharau watu wengi, na muda wa kuwadharau nilikuwa nao.

Kabla ya hapo nilikuwa karani mpiga chapa wa shirika la umma kwa miaka kumi na minne. Shirika likauzwa kama yalivyouzwa mengine. Mnunuzi alikuja mara moja, amevaa kaptura katika baridi ya mwezi Juni, akazunguka maghala huku meno yakimgongana, akaondoka. Wiki chache baadaye tukaambiwa tumepunguzwa. Ndilo neno walilotumia, lilelile tunalotumia kwa nywele na matawi ya miti. Nikarudi nyumbani kwangu Milanzi na taipureta mbili, nikaanza kuwafundisha wasichana kupiga chapa bila kuangalia vidole, wakati huo watu wote wakisema taipureta zimekufa. Kompyuta nilikuwa nimejifunza mwaka wa mwisho wa shirika, kwenye mashine moja ambayo mkurugenzi aliiwekea kitambaa cha kufuma na kukataza isiguswe. Nilikuwa naigusa akienda safari.

Tangazo nililikuta kwenye ubao wa kanisa. Walitafutwa watu wa kujitolea kujaribu mfumo wa kompyuta uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Tangazo lilisema mfumo huo ni huria: haumilikiwi na kampuni yoyote, kila mtu anaruhusiwa kuuchukua, kuunakili, kumpa jirani, hata kuufungua ndani na kuurekebisha kama anaweza. Nilisimama pale nikalisoma mara mbili. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa, hadi milango ya ofisi niliyokuwa nafungua asubuhi niliikuta kwenye banda la mtu anayeuza mbao. Kitu kisichouzwa kikanivuta.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Sidii yenye mfumo huo ilitoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi la Mbeya ndani ya bahasha. Tuliiingiza kwenye kompyuta zetu, mitumba ya Ulaya iliyokuja na vibandiko vya shule za huko. Halafu tulifanya yale ambayo mtu wa kawaida angefanya: kuandika barua, kuihifadhi, kuichapa, kuzima, kuwasha tena na kuona kama barua ipo. Ulipokwama uliandika kwenye fomu umekwama wapi. Fomu zilikwenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti akazipeleka kwa mratibu Dar es Salaam, na mratibu alitakiwa kuzifikisha kwa mafundi waliokuwa wakiutengeneza mfumo, ambao tuliambiwa wametapakaa duniani na hawalipwi. Baada ya miezi kadhaa ingekuja sidii nyingine yenye marekebisho.

Ndivyo ilivyotakiwa. Kujaribu ni kutafuta ubovu. Mtu anayejaribu kitu na kurudi akisema kila kitu kizuri hajajaribu, ametembelea. Na wenzangu walikuwa wageni wazuri sana. Mmoja aligundua mchezo wa karata siku ya kwanza na hakutoka humo. Mwingine alikuja kwa ajili ya chai. Fomu ilikuwa na swali lililouliza, "Je, umefurahia kutumia mfumo?" na chini yake sura tatu zimechorwa, inayocheka, iliyonyooka mdomo na iliyonuna. Wote walizungushia inayocheka. Mwenyekiti alizijaza zake nyumbani, zote kwa mkao mmoja, kwa kalamu moja, kabla ya sidii kufika.

Mimi nilinunua daftari kubwa. Nilikuwa nimezoea kusahihisha barua za wakubwa wasiojua kuandika, kwa hiyo jicho langu lilikuwa limenolewa kwa makosa ya watu, na humo makosa yalijaa. Waliotafsiri walikuwa wasomi, ilionekana. Waliandika Kiswahili cha mtu ambaye hajawahi kumwagiza mtu dukani. Siku moja mama mmoja wa kikundi chetu, mtu wa sala, alikuwa anaandika barua, programu ikakwama, na kwenye kioo yakatokea maneno: "Mzazi ameuawa. Mtoto amebaki yatima." Yule mama aliondoa mikono kwenye kibodi, akachukua kitenge chake, akatoka. Hakurudi Jumamosi iliyofuata wala nyingine yoyote. Baadaye nilikuja kujua kwamba mzazi ni programu na mtoto ni kazi ndogo iliyoanzishwa na programu hiyo. Niliandika kwenye daftari: "Badilisheni. Hapa watu wana misiba ya kweli." Mwenyekiti alipoyasoma akacheka, akasema nina ucheshi.

Kosa kubwa nililikuta wiki ya tano, nilipoiingiza sidii upya ili kujaribu hatua za mwanzo, ambazo mara ya kwanza tulizipita kwenye mashine tupu. Ukiingiza sidii, mfumo unakuuliza maswali kabla ya kukaa kwenye mashine. Swali la nne liliandikwa hivi: "Tumia diski nzima?" Chini yake kulikuwa na Ndiyo na Hapana.

Nilibonyeza Ndiyo. Diski ya mashine ile ilikuwa nzima, haikuwa na tatizo lolote, kwa nini isitumike? Mstari wa buluu ukatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Ulipofika mwisho mfumo ukafunguka vizuri, na barua zote nilizokuwa nimeziandika kwenye mashine ile kwa wiki nne hazikuwepo. Nilizima, nikawasha, nikatafuta kila mahali. Ndipo nikaelewa walichokuwa wanauliza. Hawakuuliza kama diski ni salama. Waliuliza kama waichukue yote, mwanzo hadi mwisho, na kuondoa chochote kilichomo. Neno moja, "nzima", na kila mtu ninayemjua Sumbawanga angelielewa kama nilivyolielewa mimi.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea mwenyekiti fomu, nimeandika kwa herufi kubwa na kupiga mistari miwili chini.

"Dada," akasema, "hii umeandika kwa hasira."

"Nimeandika kwa herufi kubwa. Swali lile linafuta vitu vya watu."

"Vimefutwa vya nani?"

"Vyangu. Barua za mazoezi tu. Lakini kesho itakuwa mashine ya mtu mwenye vitu."

Akaisoma tena fomu, akaishika mbali kidogo na macho. "Tafsiri hii imefanywa na watu wa chuo kikuu. Sisi ni nani tuwafundishe Kiswahili?"

"Sisi ndio tunaojaribu."

"Ndiyo, tunajaribu. Hatusahihishi." Akaikunja. "Nitaipeleka. Ila dada yangu, tujifunze kutaja na mazuri."

Hakuipeleka. Nilijua baadaye, nilipoiona fomu yangu imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Wakati ule nilimwamini kiasi, au niseme nilizoea. Miaka kumi na minne ya ukarani ilinifundisha kwamba karatasi hupanda kupitia kwa bosi, na ikikaa kwa bosi, imekaa. Nilikasirika nyumbani, nikanyamaza kikaoni. Huo ndio ulikuwa ujasiri wangu.

Kisha mratibu akatangaza kuja. Mwenyekiti akachangamka kama mtu anayeoza binti. Kabla ya mgeni kufika zikafika fulana, rangi ya machungwa, zimeandikwa kifuani neno "HURU". Marekebisho tuliyoomba hayakuwa yamefika hata moja, lakini fulana zilifika na kila mtu alipata ya kumtosha. Mratibu alitaka onyesho: mwananchi wa kawaida aingize mfumo kwenye mashine yake mwenyewe, mbele ya watu, kwa Kiswahili, bila kusaidiwa, na picha zipigwe.

Mwananchi aliyechaguliwa alikuwa mwalimu wa kwaya kutoka Izia. Alikuwa na kompyuta nzuri kuliko zetu zote, aliyopewa na parokia rafiki ya Ulaya, na alikuwa na sura ya kupigwa picha: mrefu, mvi zimechanwa nyuma, koti la suti juu ya sweta. Nilimfahamu kidogo. Alikuwa mtu wa majivuno. Nyimbo zake ziliimbwa Ufipa yote, nyingine kwa Kifipa, na hakukuacha uisahau habari hiyo. Ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku akiangalia nyuma yako kama kuna mtu mkubwa zaidi anakuja.

Kuhusu mimi, mwenyekiti alikuwa ameshaamua. "Dada, wewe utatusaidia upande wa chai."

Kwa hiyo siku ya onyesho nilisimama nyuma ya chumba na chupa mbili za chai, ndani ya fulana ya machungwa iliyovaliwa juu ya sweta, na nilikuwa na dharau ya kutosha kuujaza mji. Mratibu alikuwa mtu wa makamo mwenye kizibao cha mifuko mingi, na ndani ya mifuko ile sikumwona akitoa chochote zaidi ya simu isiyokuwa na mtandao. Alisema amefurahi kuwa "mikoani". Mwenyekiti akafungua kikao. Mwalimu wa kwaya akaketi mbele ya mashine yake, iliyoletwa kwa mkokoteni ikiwa imefungwa blanketi.

Akawa anasoma maswali kwa sauti, kwa lafudhi yake nzuri ya kanisani, na watu wakamsikiliza. Chagua lugha: Kiswahili. Uko nchi gani: Tanzania. Jina lako ni nani. Halafu akasoma, "Tumia diski nzima?"

Akageuka kuwatazama watu. "Diski yangu ni nzima kabisa," akasema. "Haijawahi kusumbua hata siku moja."

Watu wakacheka kwa heshima.

Nilikuwa na neno mdomoni. Neno moja lingetosha: ngoja. Nilikuwa hatua sita kutoka pale alipoketi. Katika chumba chote kile, ukimwacha mwenyekiti niliyemwambia, mimi peke yangu ndiye niliyejua. Na sikusema. Nimejaribu kujidanganya kwa miaka mingi kwamba nilishtuka, kwamba mkono ulikuwa na chupa ya moto, kwamba jambo lilipita haraka. Halikupita haraka. Aligeuka, akacheka na watu, akarudi kwenye kioo, akatafuta kitufe. Nilipata muda wa kumtazama mwenyekiti, aliyesimama amekunja mikono kifuani juu ya neno "HURU", na nikafikiri: acha waaibike. Kilichomo ndani ya mashine ya mwalimu sikukifikiria kabisa.

Akabonyeza Ndiyo. Mstari wa buluu ukaanza kutembea. Mratibu akapiga picha.

Ilichukua muda mrefu. Nikamimina chai, watu wakala maandazi. Mfumo ulipofunguka, picha ya mlima Kilimanjaro ikajaa kwenye kioo na watu wakapiga makofi. Mwalimu akampa mratibu mkono, kisha akaketi tena.

"Sasa nifungulie nyimbo," akasema.

"Nyimbo zipi, mzee?"

"Zangu. Zilizomo humu."

Mratibu akainama, akabonyeza hapa na pale. Akafungua dirisha, akalifunga. Akafungua jingine. Mwenyekiti akasogea, akainama naye, ingawa alichokuwa anakitazama hakukijua. Mwalimu alikaa ameweka mikono magotini.

"Ulikuwa na nakala pembeni, mzee?" mratibu akauliza.

"Nakala ya nini? Ziko humu. Jana jioni nilikuwa nasahihisha wimbo wa Pasaka."

Zilikuwa nyimbo sitini na mbili, nikaja kuambiwa, sauti nne kila mmoja, nota na maneno, kazi aliyoipiga kwa vidole viwili kwa miaka mitatu ili zichapwe kitabu Mbeya. Kulikuwa na flopi chache kwenye stoo ya kwaya, zimekaa pamoja na magunia ya maharage. Zilipojaribiwa zilifunguka tatu. Makaratasi ya zamani yalikuwa yameshakwenda, kwa sababu baada ya kupata kompyuta aliona hayana kazi tena, na mkewe aliyafungia karanga sokoni.

Mwalimu hakupiga kelele. Alimuuliza mwenyekiti, taratibu, kama zinaweza kurudi. Mwenyekiti akamwangalia mratibu. Mratibu akasema, "Ndiyo maana tunaiita majaribio, mzee wangu. Tunajifunza pamoja." Kisha akasema gari linamsubiri, kwani alitaka kufika Tunduma mapema. Alituachia fulana zilizobaki.

Mwenyekiti alisubiri gari lipotee. Halafu akatugeukia sisi wengine, si mwalimu. "Lakini mmeona," akasema. "Amebonyeza mwenyewe."

Jumapili ile nilikwenda kanisani Izia badala ya kwangu. Sijui nilitafuta nini. Mwalimu alisimama mbele ya kwaya yake kama kawaida, koti juu ya sweta, akanyanyua mikono, nao wakaimba. Waliimba wimbo wake mmoja wa Kifipa ambao hata mimi niliujua, na hakuna aliyekuwa na karatasi mkononi. Niliwatazama, wanawake waliokuja kwa miguu kutoka mashambani, wana matope kwenye viatu, na kila mmoja anaimba sehemu yake bila kusitasita. Nikaelewa jambo ambalo yeye mwenyewe, kwa huzuni au kwa majivuno, hakuwa ameliona. Nyimbo zilikuwepo. Zilikuwa zimegawanywa tu kwa watu arobaini.

Jumatatu nilikwenda nyumbani kwake. Aliniacha nisimame uani kwa muda kabla ya kunikaribisha kiti. Nikamweleza: waite kwa makundi ya sauti, soprano peke yao, alto peke yao, waimbe, wewe uandike nota, mimi nitachapa. Nilisema nitachapa bure mpaka ziishe.

"Kwa nini?" akauliza.

Nilikuwa nimepanga kusema ni kwa ajili ya kanisa. Nikashindwa. Nikamwambia kwamba swali lile nililijua. Kwamba lilishanifutia vyangu. Kwamba nilimsikia akilisoma, nikanyamaza.

Alinitazama kwa mara ya kwanza usoni, si nyuma yangu. "Ulikuwa na chupa ya chai," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Nilikuona. Nilifikiri, yule mama anataka kusema kitu." Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yake na hakuwafukuza. "Njoo kesho saa tisa. Uje kila siku. Na usije na ile fulana."

Tulifanya kazi tangu mavuno ya mahindi mpaka watu walipoanza kulima tena. Nilipiga chapa kwenye mashine yake ileile, ndani ya mfumo uleule, kwa sababu ndio uliokuwemo. Na ulikuwa mzuri, jambo lililoniudhi sana. Haukukwama. Umeme ulipokatika, na ulikatika karibu kila wiki, tulipowasha tena tulikuta kazi yetu. Mafundi wale waliotapakaa walikuwa wamejenga nyumba imara, na watu wetu wakaiwekea mlango usiosomeka. Kila jioni nilitoa nakala mbili, moja nikaenda nayo Milanzi.

Alto walikumbuka kila kitu na waligombana juu ya kila kitu. Soprano walijua ubeti wa kwanza vizuri, wa tatu kwa kubahatisha. Tena walikuja wanapotaka. Mwalimu aliwadharau wote waziwazi, aliwasimamisha katikati ya neno, aliwaambia wanaimba kama wanaswaga ng'ombe, nao wakarudi kesho yake. Mimi naye hatukuzungumza zaidi ya nota. Akisema "so", naandika so.

Wakati huo nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miezi mingi kabla. Ndani ya sidii kulikuwa na faili la maelezo ambalo hakuna aliyelifungua, na mimi sikulifungua kwa sababu tuliambiwa yote yapite kwa mwenyekiti. Mwisho wa faili kulikuwa na anwani: ukiona kosa, andika hapa, moja kwa moja. Nilisoma mstari ule na kujiona mpumbavu kuliko wote niliowacheka. Nikaenda kwenye duka la intaneti karibu na stendi, nikapiga chapa aya moja. Nilieleza maana mbili za neno "nzima". Nikapendekeza waandike: "Futa kila kitu kilichomo kwenye diski hii?" Nikaeleza kwamba mtu mmoja amepoteza nyimbo sitini na mbili.

Baada ya siku nne nilipata jibu. Limeandikwa na mtu nisiyemjua, katika Kiswahili cha kamusi: "Wewe una haki. Nimebadilisha. Nasikitika kwa nyimbo." Basi. Hakuniita mdau, hakunishukuru kwa mchango wangu. Katika habari hii yote huyo ndiye mtu pekee ambaye sikumdharau hata kidogo, na labda ni kwa sababu sikuwahi kumwona.

Sidii mpya ilipokuja, swali la nne lilikuwa limeandikwa kama nilivyoandika, neno kwa neno. Mwenyekiti aliwaonyesha wadau na kusema haya ndiyo matunda ya uongozi shirikishi. Alipewa cheti. Baada ya muda kikundi kikafa, kwa sababu chai ilikwisha, na yeye akagombea udiwani akiwa na picha ya siku ile ya onyesho kwenye bango lake: mwalimu wa kwaya ameinamia mashine, yeye amekunja mikono. Akashinda.

Mimi niliendelea kujaribu nyumbani, peke yangu, kila sidii niliyoipata. Niliandika makosa na kuyapeleka kwenye ile anwani. Mengine yalirekebishwa, mengine walibishana nami kwa heshima, na hapo nikajifunza kubishana kwa heshima, jambo nililokuwa silijui.

Nyimbo tulizimaliza zote isipokuwa besi ya nyimbo kumi na moja. Hiyo ilijulikana na mtu mmoja tu, mwimbaji mzee wa besi, aliyekuwa amehamia Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, kufanya biashara ya samaki, dagaa na migebuka. Tukamsubiri. Alipanda Sumbawanga kwa ajili ya msiba wa shangazi yake, na baada ya siku za matanga mwalimu akamketisha sebuleni, mimi nikiwa tayari kwenye kibodi.

Akaimba wimbo wa kwanza. Mwalimu akamsimamisha.

"Hiyo siyo niliyoandika."

"Uliandika nini, mwalimu?"

"Besi. Hapo inashuka, wewe unapanda."

Yule mzee akafikiri. "Mimi nota sizijui," akasema. "Nilikuwa namfuata aliyesimama kushoto kwangu. Alipohamia Mpanda nikawa najiendea tu."

"Miaka tisa?"

"Hukusema kitu, mwalimu. Nikajua inafaa."

Mwalimu aliondoka sebuleni. Tulimsikia akitembea uani. Mzee yule aliniuliza kama kuna chai, nikamwambia kazi ya chai nimeacha. Wiki iliyofuata mwalimu aliketi akatunga besi kumi na moja upya, kwa hasira, bila kumshirikisha mtu, na akanitajia nota moja moja nikaandika.

Kitabu kilichapwa Mbeya, kikarudi kwenye maboksi kwa basi. Nilikwenda Izia kuchukua nakala yangu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na shukrani: kwa Mungu, kwa paroko, kwa parokia rafiki ya Ulaya, kwa mkewe, kwa wanakwaya wote wa zamani na wa sasa. Niliusoma nikiwa nimesimama, hadi chini, nikageuza nyuma kuona kama unaendelea.

"Mwalimu," nikasema, "mimi umenisahau."

Alikuwa anahesabu vitabu akivipanga kwenye meza. Hakunyanyua kichwa.

"Sijasahau," akasema.